Jinsi ya kusoma mawe, maji na samaki wa Mwanza kwa siku moja ukiwa na sahani, kamba na daftari

Mwangaluka wadau. Hii naiandika kwa ajili yako we unayekaa Mwanza miaka yote, au unayekuja wikiendi unapiga picha na Jiwe la Bismarck, unakula sato wa kuchoma alafu unarudi kwenu, na hujawahi kujiuliza yale mawe yalifikaje pale juu na huyo sato katokea wapi (huyo sato ni mgeni kama we, ntakuja huko). Kila likizo mi nachukua wapwa zangu tunazunguka siku nzima kufanya kitu tunachokiita kusoma ziwa (Ziwa Victoria letu hili), na kwa kuwa watu wameniuliza sana tunafanyaje, naweka hapa yote pamoja na pale tulipoboronga.

Wazo lenyewe ni moja. Shuleni tulifundishwa jiografia kivyake na baiolojia kivyake, yaani mwalimu wa mawe na mwalimu wa samaki hata salamu hawapeani. Sasa mwangalie mama mfinyanzi: mkono wake unaupinda udongo, lakini miaka ikienda udongo nao unamwotesha sugu mkononi. Nchi na viumbe vinaishi hivyohivyo. Kwa hiyo kila kitu utakachokiona leo kiulize maswali mawili, nani kakufinyanga, na we umemfinyanga nani, alafu andika majibu yote mawili kwenye daftari. Ukiwa na jibu moja tu ujue bado hujaangalia vizuri.

Vya kubeba

Daftari na penseli (kalamu ya wino ikilowa imekwisha), sahani nyeupe ya plastiki pana kama kiganja na nusu, kamba ya nailoni mita 5, jiwe la kilo moja hivi, kisu kidogo, kofia, maji ya kunywa. Simu ya kupigia picha unayo. Viatu vya kufunika vidole maana kwenye mawe kuna nyoka na kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kuna mifupa ya samaki. Jaketi la kuokolea la kukodi kama mtapanda mtumbwi, na hapo sina mjadala, hata kama unaogelea kama kamongo.

Kitu kingine: usiingie majini kwa miguu kwenye kingo zenye majani. Kichocho kipo, mamba wapo na viboko wapo. Tutasoma ziwa kutoka juu ya mawe na ndani ya mtumbwi.

Asubuhi, mawe

Anza saa 1 kabla jua halijawa kali. Chagua mlima wowote wenye mawe yaliyobebana, Mwanza hukosi, nenda Capri Point au panda vilima vya Bugando, au kama una hela ya boti vuka uende kisiwa cha Saanane ambacho siku hizi ni hifadhi ya taifa.

Jiwe lenyewe ni graniti ya zamani kupita kiasi, zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilipoa chini kabisa ya ardhi. Watu wengi wanadhani yale mawe yaliviringika yakapandana, au majitu yaliyapanga. Kumbe yalichongwa yakiwa yamezikwa. Graniti ina nyufa zilizonyooka za kukatana, ukiangalia vizuri utaziona hata leo, zinaigawa kama matofali. Maji ya mvua yakizama ardhini yanapita kwenye udongo wenye mizizi na bakteria, yanabeba asidi dhaifu kutoka kwenye pumzi na uozo wa viumbe, yakifika kwenye zile nyufa yanakula jiwe taratibu. Kona zinaliwa kwanza kwa sababu zinashambuliwa pande nyingi kwa mpigo, ndo maana tofali linageuka duara. Baadaye udongo laini ukasombwa na mvua, mawe yakabaki yameshikana mabega hivyo unavyoyaona. Kwa hiyo andika ukurasa wa kwanza kabisa: jiwe la Mwanza, limefinyangwa na maji NA mizizi. Wapwa zangu walikataa kuamini mpaka nilipowapeleka kwenye machimbo ya kokoto wakaona kwa macho mawe ya duara bado yamekaa ndani ya udongo kama mbegu ndani ya papai.

Sasa sogea karibu pua iguse jiwe. Yale madoa ya kijivu, ya njano na ya rangi ya chungwa ambayo watu wanadhani ni rangi ya jiwe, ni kiumbe hai, kuvu na mwani walioingia ubia: mmoja anashika jiwe, mwingine anapika chakula kwa jua. Wanatoa asidi inayolegeza chembe za juu. Kwangua kidogo tu kwa kisu pembeni pa doa uone unga unaotoka, huo unga ukikusanyika kwenye ufa ndo udongo wa kwanza. Popo au ndege akija kudondosha mbegu ya mkuyu hapo, mti unaota na mizizi inaupanua ufa. Tafuta mkuyu uliokaa juu ya jiwe, upo tu, piga picha pale mzizi unapozama kwenye ufa.

Geuza swali. Jiwe limemfinyanga nani? Kaa kimya dakika 10 utamwona mjusi mwenye kichwa na kifua cha rangi nyekundu ya kuwaka na mwili wa bluu, vijana wanamwita Spiderman. Jina lake la kitaalamu limebeba jina la mji, Agama mwanzae. Umbo lake bapa ni la kujibana kwenye ufa na rangi ya dume ni ya kuonekana na majike na mahasimu akiwa juu ya jiwe. Pimbi naye, nyayo zake ni laini na zina unyevunyevu wa jasho zinashika jiwe kama raba ya tairi jipya. Na yeye analilipa jiwe: ile michirizi myeupe na kahawia inayoshuka kwenye miamba ni mkojo wake wa vizazi na vizazi, choo kimoja kinatumika na ukoo mzima. Usiguse, ila piga picha.

Mwaloni, kabla ya saa 4

Shuka mwaloni. Kirumba ndo kubwa kwa dagaa na sangara wakavu, lakini kwa hii kazi mi napenda mialo midogo, Igombe au Kayenze huko, kwa sababu unachotafuta hapa ni furu, wale samaki wadogo wa ziwani wa aina nyingi, na furu siku hizi wengi wanauzwa mafungu madogo au wanageuzwa chambo cha kuvulia sangara.

Salimia kwanza. Usifike mwalo wa watu na simu juu unapiga picha kama polisi. Mara ya kwanza nilikosea hapo nikatazamwa vibaya nikarudi mikono mitupu, mara ya pili nikaanza na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu kivulini:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, unatafuta sangara?"

"Hapana mzee, natafuta furu."

Akacheka. "Furu? Sisi enzi zetu furu tulikuwa tunawamwaga, we leo umekuja na nauli kuwatafuta?"

Nunua fungu moja, hakikisha wana sura tofauti tofauti. Kaa pembeni na kisu. Hii ndo sehemu tamu kuliko zote kwa hiyo usikimbie.

Kwanza angalia midomo. Wapo wenye mdomo unaotazama juu, wenye meno madogo mengi kama brashi ya kukwangulia mwani, wenye taya refu la kuvizia wenzao. Pasua tumbo, toa utumbo, unyooshe kwenye daftari. Furu anayekula mwani ana utumbo mrefu umejikunja kama kamba ya nanga, anayekula samaki ana utumbo mfupi, maana nyama haisumbui kuyeyuka. Alafu fungua koo. Furu wana taya la pili kooni, mfupa mdogo wa pembetatu una meno juu yake. Kwa wanaokula konokono ni mnene na meno yake ni bapa kama magego, kwa wengine ni mwembamba kama kitana. Kuna furu mmoja, Astatoreochromis alluaudi, ambaye hata maisha yake mwenyewe yanamchonga: akikua anakula konokono magego yanakuwa makubwa, akikua anakula vitu laini yanabaki madogo. Watu waliwahi kumweka kwenye mabwawa ale konokono wa kichocho, akapata chakula laini humo, akaachana na konokono.

Sasa kwa nini samaki hao wote wa aina tofauti wamejaa ziwa moja? Hapa inabidi usimame utazame nchi yenyewe. Ziwa letu ni pana ajabu, kama kilomita za mraba 68,800, lakini ni kama sinia, kina chake kikubwa ni mita 80 hivi. Halikuchimbwa na bonde la ufa kama Tanganyika. Miaka kama laki 4 iliyopita ardhi upande wa magharibi iliinuka, mito iliyokuwa inatiririka kwenda magharibi, Kagera ikiwemo, ikageuzwa ikarudi nyuma, maji yakatuama katikati. Sinia likikosa mvua linakauka. Na lilikauka kweli: wataalamu walipotoboa tope la chini ya ziwa walikuta tabaka la udongo uliowahi kuwa nchi kavu yenye majani, na maji yalirudi kama miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Maana yake pale kati unapopita meli kwenda Bukoba palikuwa mbuga, unaweza kutembea.

Maji yaliporudi waliingia samaki wa aina kadhaa, ila waliotapakaa na kugawanyika ni furu, zaidi ya aina 500 kwa muda huo mfupi, kitu ambacho kwenye hesabu za mageuzi ni kama jana jioni. Utafiti wa vinasaba umeonyesha wazee wao walikuwa chotara wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Nile, kwa hiyo waliingia ziwa jipya wakiwa na mchanganyiko mkubwa wa damu wa kuchagulia. Ziwa tupu, kina tofauti, mawe hapa mchanga pale, kila kona ikawa na furu wake. Na wa mawe ndo balaa: jike anabeba mayai na watoto mdomoni, hakuna mayai yanayoelea kwenda mbali, na mwenyewe haachi mawe kuvuka mchanga ulio wazi, kwa hiyo furu wa kisiwa hiki na wa kisiwa cha jirani wanaweza kuwa hawajaoana miaka na miaka. Ziwa likipanda mawe mapya yanazama, vijiji vipya vya furu vinaanzishwa. 1961 hadi 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, 2006 lilishuka vibaya, 2020 likapanda tena likaingia kwenye nyumba za watu. Muulize mzee yeyote wa mwaloni akuonyeshe maji yalifika jiwe gani, andika.

Sahani

Hiki kipimo alikianzisha padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, na hakijazeeka. Toboa sahani katikati kwa msumari wa moto, pitisha kamba, funga jiwe chini yake ili izame ikiwa imelala bapa. Piga fundo kila sentimita 20 kuanzia kwenye sahani. Kamba iwe nailoni, usitumie katani, sisi tulipima mafundo katani ikiwa kavu, ikalowa ikabadilika urefu, vipimo vya siku nzima vikawa takataka, alafu fundo la chini likaachia tukaipoteza na sahani yenyewe, iliyokuwa ya dada yangu na hakuambiwa.

Pimia kati ya saa 5 na saa 8 mchana jua likiwa juu, upande wa kivuli wa mtumbwi, vua miwani ya jua. Shusha taratibu mpaka sahani ipotee machoni, hesabu mafundo. Ivute mpaka ionekane tena, hesabu. Chukua katikati ya hizo mbili. Mpe na mwenzako apime bila kumwambia we umepata ngapi, maana macho yanapenda kukubaliana.

Pima sehemu mbili angalau. Moja karibu na mto Mirongo unapomwaga uchafu wote wa mjini, nyingine nje kwenye mawe ambako upepo unapita, kama Luchelele au mbele ya Igombe. Utashangaa tofauti.

Kwa nini nakusumbua na sahani? Kwa sababu ya furu wawili maarufu, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Ndiyo, umesoma vizuri, wazungu walichukua punda milia wetu wakampa samaki, na yule wa pili kapewa jina la Mwalimu. Dume la kwanza ni la bluu, la pili jekundu mgongoni. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwafuatilia miaka mingi kwenye visiwa vya ghuba yetu na vya nje yake. Kwenye kisiwa cha Makobe ambako sahani inaonekana mpaka zaidi ya mita 2, hao ni aina mbili kabisa, wa bluu anakaa juu, mwekundu anakaa chini zaidi, na macho yao yana vinasaba tofauti kidogo vya kuona rangi, kwa sababu kadiri unavyoshuka kwenye maji yetu mwanga wa bluu unaisha unabaki wa kuelekea wekundu. Jike anachagua dume anayemwona vizuri. Njoo ndani ya ghuba kwenye maji ya chai ya maziwa, kisiwa cha Luanso ambako sahani inapotea kama nusu mita: hakuna bluu, hakuna mwekundu, kuna mchanganyiko tu wa rangi za katikati. Majike hawaoni rangi, wanaoana hovyo, aina mbili zinakuwa supu moja.

Kwa hiyo hesabu ya mafundo kwenye kamba yako inakuambia ni kiasi gani cha ndoa za samaki hapo chini bado kinawezekana. Mi hiki kitu kilinilaza macho wazi.

Sasa funga duara

Nani kayachafua maji? Rudi kwa sangara. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, upande wa Uganda na Kenya, ili ziwa litoe samaki wakubwa. Sato huyu wa kuchoma naye alipandikizwa miaka hiyohiyo ya 1950, mwenyeji wa kweli ni ngege ambaye leo ndani ya ziwa kubwa ni kama hayupo, kabaki kwenye maziwa madogo ya pembeni. Sangara alikaa kimya miaka, alafu miaka ya 1980 akalipuka. Kwenye ghuba ya Mwanza, furu ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote, ndani ya miaka michache wakawa wa kuhesabu, mamia ya aina zikapotea.

Fuata mnyororo na kalamu mkononi, usiruke. Furu walikuwa wadogo, wanaanikwa juani wanakauka. Sangara ni mkubwa na ana mafuta, jua halimuwezi, anataka kubanikwa kwa moto. Moto unataka kuni. Miti ya visiwani na ya kando ya ziwa ikakatwa. Mvua ikija udongo unashuka ziwani na mbolea yake, pamoja na ya mashambani na vinyesi vya miji iliyokua kwa biashara ya huyohuyo sangara. Mwani ukashiba ukafumuka, na furu waliokuwa wanakula mwani na uozo hawapo tena. Maji yakawa mazito, mwani ukifa unazama unaoza unakula hewa ya chini. Maji mazito yakawapofusha furu waliobaki wakaanza kuchanganyika. Samaki mmoja kabadilisha mlima, mlima kabadilisha maji, maji yamebadilisha samaki. Sisemi sangara peke yake ana kosa, kulikuwa na trola zilizokokota furu miaka ya 1970 kutengeneza chakula cha mifugo, na mashamba yalikuwa yanaongezeka hata kabla yake. Na hela ya sangara imesomesha watu, mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikitolewa) yamelisha watu, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) leo ni dhahabu. Nasema tu chora mishale yote.

Alafu kuna sehemu ambayo inanifurahisha. Miaka ya 1990 sangara walipovuliwa sana, furu wachache wakaanza kurudi, lakini hawakurudi walewale. Kundi la watafiti wa Leiden waliokuwa Mwanza tangu miaka ya 1970, akiwemo Frans Witte, walikuwa wamehifadhi furu wa zamani kwenye chupa wakawalinganisha na wapya. Furu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, alikuwa ameongeza eneo la matamvua yake ya kupumulia kwa zaidi ya nusu, kichwa kimebadilika umbo, na kutoka kula vijidudu vya majini vidogo kabisa akahamia kwenye uduvi na wadudu wakubwa. Miaka kama 20 tu hiyo, mimi nina suruali ya umri huo. Dagaa nao wanakomaa wakiwa wadogo kuliko zamani. Ukirudi mwaloni pima dagaa wenye mayai kwa rula.

Mafunjo, kama muda upo

Mchana jua likipungua nenda mahali mto unapoingia ziwani penye mafunjo. Kaa juu ya daraja au nchi kavu. Mafunjo yananasa tope la mto, yanaoza juu ya mizizi yao, yanajenga ardhi pasipokuwa na ardhi, na vipande vingine vinakatika vinaelea kama visiwa na ndege wake juu. Ndani yake hewa majini ni kidogo sana, na hapo ndo utaelewa kamongo: ni samaki lakini anapumua kwa mapafu, kiangazi kikizidi anajifukia kwenye tope anasubiri. Sangara anataka hewa nyingi, hawezi kukaa humo, kwa hiyo baadhi ya furu wadogo waliponea kwenye mafunjo. Mtu akiyakata yote alime mchicha, anafungua mlango wa tope kwenda ziwani na anabomoa nyumba ya wakimbizi kwa pamoja.

Ukikuta magugu maji badala ya mafunjo, yale ya maua ya zambarau, hayo ni ya Amerika Kusini, yaliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakishuka na Kagera. Ng'oa jani moja uangalie kama lina makovu madogo ya duara. Hiyo ni kazi ya fukusi, wadudu wenye asili ya hukohuko kwao, walioletwa kuja kuyala miaka ya 1990. Mizizi yake ni kivuli cha konokono wa kichocho kwa hiyo vuta kwa fimbo.

Kwa wenye pikipiki

Toka nje ya mji kuelekea Misungwi au Magu. Simama juu ya kilima, shuka mpaka bondeni ukishika udongo kila baada ya hatua 200. Juu kokoto na mawe, katikati mchanga ambao Wasukuma wanauita luseni, chini kabisa udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika mpaka unakuvua kiatu. Wasukuma walikuwa na majina ya hizo tabaka zote kabla Geoffrey Milne hajaja miaka ya 1930 kusoma udongo wa Afrika Mashariki na kuwaeleza wenzake kwamba aina za udongo zinashikana kama mnyororo toka kileleni hadi bondeni. Njiani hesabu vichuguu. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi toka chini, kichuguu kinakuwa na rutuba kuliko shamba linalokizunguka, miti inaota juu yake, mkulima anakuja kukibomoa apate udongo wa tofali. Mvua za kwanza kumbikumbi wakitoka usijifanye mtafiti sana, leta ndoo.

Mambo ya kuepuka

Usihamishe furu hai toka mwalo mmoja kwenda mwingine, hata kwa huruma, umeshaona wahamishaji walitufikisha wapi. Usichukue kiumbe chochote ndani ya hifadhi. Ukitaka kuvua mwenyewe kwa utafiti, omba kibali, TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) wana kituo hapa Mwanza na watu wao wanajibu maswali vizuri ukienda kwa adabu. Usiandike "maji machafu" kwenye daftari, andika "mafundo 4, saa 6 mchana, upepo kidogo, juzi ilinyesha". Na usitafsiri kipimo kimoja. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unalikoroga ziwa lote toka juu hadi chini, mvua zikianza vuli tope linashuka, kwa hiyo sahani ya Julai na sahani ya Novemba hazitasema kitu kimoja hata pale pale.

Ndo maana chagua jiwe moja ambalo halina utata, ambalo hata mtoto wa darasa la pili atalitambua, na pimia hapo kila ukija. La kwetu lina mnandi wanaokaa juu yake wanakausha mabawa, limekuwa jeupe kwa mavi yao upande mzima, tunalionea mbali hata mtumbwi ukiwa unayumba. Mpwa wangu mdogo ndo mshika kamba siku hizi, na sahani tumenunua nyingine, na dada naye tumemlipa ya kwake.